Mufupa wa Muzee Ukivunjika: Shindano ya Homoni Inaweza Kuuponesha Mbio?



Mara nyingi ninyi ndio munatunza wazee nyumbani. Siku ya mvua mama mukwe anateleza, anaanguka juu ya mukono, mufupa unavunjika. Majirani wanaleta mashauri. Mumoja anasema: «Muite mutu wa kukanda.» Mwingine anasema: «Kuna shindano ya homoni, inaunga mufupa kwa siku kidogo, lakini ni bei kali.» Mama, mbele ya kuuzisha mbuzi juu ya shindano hiyo, soma karatasi hii.

1. MUFUPA UNAPONA NAMNA GANI?

Mufupa si jiwe. Ni kitu chenye uzima, damu inapita ndani yake. Ukivunjika, kwanza damu inaganda pale pale. Kisha mwili unatengeneza kiungo chororo kati ya zile pande mbili. Nyuma ya majuma, kalsiumu inaingia katika kiungo hicho na kinakuwa kigumu. Kwa mutu mukubwa, mukono uliovunjika karibu na kiganja unaomba majuma 6 hivi. Mufupa wa paja unaomba miezi 3 ao zaidi.

Sababu gani mifupa ya wazee inavunjika upesi? Mwanamuke akiisha kukoma kuona mwezi, homoni ya kike inapunguka sana katika mwili wake, na ndiyo ilikuwa inalinda mifupa. Basi mifupa inakuwa na matundu mengi ndani na inakosa nguvu. Kuanguka kidogo tu kunatosha kuivunja.

2. HOMONI NI KITU GANI?

Homoni ni mutumishi wa mwili. Inatengenezwa katika sehemu moja, inapita katika damu, inapeleka amri kwa sehemu ingine. Homoni ni za namna nyingi, na kila moja iko na kazi yake. Ukisikia mutu anasema tu «shindano ya homoni», muulize: «Homoni gani?» Moja inajenga mufupa, ingine inauharibu.

Ndani ya shingo, nyuma ya pale goita inapovimba, kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja karibu sawa punje ya muchele. Homoni ya vitezi hivi inaangalia kalsiumu ya damu. Kama kalsiumu inapunguka, homoni inaenda kuikopa katika mifupa. Kama homoni ni mingi usiku na mchana, mifupa inalegea. Lakini wanganga waliona jambo la ajabu: ikiingia kidogo, mara moja kwa siku, kisha ikatoka, inaamsha kazi ya kujenga mufupa. Ni sawa mvua juu ya shamba la mulimani: ikinyesha kidogo na kukoma, mimea inaota, isipokoma, inachukua udongo wote.

3. SHINDANO YA TERIPARATIDE

Kutoka homoni hiyo walitengeneza dawa, jina lake teriparatide. Katika Marekani iliruhusiwa mwaka 2002 kwa watu wenye mifupa milegevu, ili isivunjike tena. Inachomwa chini ya ngozi kila siku, kwa miezi mingi, na inapashwa kukaa ndani ya frigo.

Je, inaharakisha mufupa uliokwisha kuvunjika? Mwaka 2010 wanganga walitangaza habari za wanawake 102 wenye umri wa kukoma kuona mwezi, waliovunjika mukono karibu na kiganja. Wale wasiopata dawa walipona karibu na majuma 9. Wale waliopata kipimo kidogo walipona kwa majuma 7 na siku kidogo. Lakini wale waliopewa kipimo mara mbili hawakupita sana wale wasiopata dawa. Mwaka 2016 habari zingine zilitoka, juu ya watu waliovunjika shingo ya mufupa wa paja: dawa haikuwaponesha vizuri zaidi.

Basi jibu ni hili: kwa mifupa milegevu dawa hii inasaidia, lakini kuharakisha mufupa uliovunjika, haijahakikishwa. Hata pale iliposaidia, ilikuwa tofauti ya karibu na majuma mawili, haikuunga mufupa kwa siku kidogo. Tena haifai kwa mutoto anayekomaa, kwa mama mwenye mimba, wala kwa mutu mwenye kansa ya mifupa. Mutu anayekuuzishia homoni sokoni, akisema mufupa utaungana kwa juma moja, anakudanganya.

4. HOMONI INAYOHARIBU MIFUPA

Hapa ndipo hatari inatukaribia sisi wenyewe. Vidonge vya dexamethasone na prednisolone ni dawa za namna ya homoni pia. Munganga akivitoa kwa sababu nzuri, vinaokoa watu. Lakini wamama wengine wanavinunua sokoni ili wanenepe, na wazee wanapewa juu ya maumivu. Mutu anaona uso umejaa, anafurahi. Kumbe ndani mifupa inalegea, na mufupa uliovunjika unakawia kupona.

Kama wewe ao muzee wako mumekwisha kuvimeza kwa majuma mengi, musiviache kwa siku moja, maana mwili unaweza kuanguka na hata kufa. Mukuje navyo hospitali, munganga atavipunguza polepole.

5. FANYA HIVI NYUMBANI

– Muzee akianguka na hawezi kusimama, ao muguu mumoja umekuwa mufupi na umegeukia inje, usimusimamishe kwa nguvu. Mubebeni juu ya kitanda mpaka hospitali.
– Usikubali kukanda mufupa uliovunjika, wala kuufunga kwa kamba ya kukaza. Damu ikikosa kupita, mukono unaweza kuoza.
– Kama vidole vinavimba sana, vinakuwa baridi, vinageuka rangi, ao havisikii tena, rudi hospitali siku ile ile, hata usiku.
– Mupe maharagi, mayai, maziwa yakipatikana, sombe na lengalenga, na samaki ndogo kama sambaza ao ndakala, zinazoliwa pamoja na mifupa yao. Ndani yake kuna kalsiumu.
– Umukalishe inje kwenye jua kidogo kila siku. Aache tumbako, maana inakawisha mufupa.
– Munganga akisema aamuke, umusaidie aamuke. Muzee anayelala tu anapata vidonda vya mugongo na ugonjwa wa mapafu.
– Angalia kwako: toa mawe njiani, kausha pahali pa utelezi, weka taa usiku. Aliyevunjika mara moja anaweza kuvunjika tena.

Mufupa unapona kwa kutulizwa vizuri, kwa chakula, na kwa uvumilivu. Kama munganga anaona shindano ya homoni inafaa kwa muzee wako, atakueleza sababu na jina lake. Nawe, mama, usione haya kumuuliza.