MPIGA GITAA AKIISHA KUVUA GWANDA

Askari anayekaribia kustaafu, mwenye mkono mzuri wa gitaa au pumzi ya tarumbeta, huulizwa na wenzake: kwa nini asiende kuishi kwa muziki? Swali hilo si la mzaha. Nchini Tanzania, bendi kama Polisi Jazz, Kimulimuli ya JKT na Mwenge Jazz ya JWTZ zimekuwa vyuo hasa. Humo mpigaji hujifunza kufika mazoezini kwa saa, na kulisikiliza besi kabla ya kujisikiliza mwenyewe.

Lakini kambini vyombo ni vya serikali, na mshahara hufika hata ukumbi ukiwa mtupu. Uraiani mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Marehemu Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba katika Super Matimila, na vyombo vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Sauti yake ilijulikana hadi Ulaya, lakini sauti peke yake haiwashi amplifaya.

Basi mwenye nia na aanze mapema, kwa ruhusa ya mkuu wake, miaka mitatu hivi kabla ya kuvua gwanda. Kwanza apate gitaa lake mwenyewe. Kisha alisome soko lake kama askari wa doria aisomavyo njia.

Tuchukue Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, jirani na mpaka wa Tanzania. Huko fedha hufuata ndagala, na ndagala huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukipevuka, mitumbwi hupumzika. Asiyeijua kalenda hiyo atakodi ukumbi usiku ambao wavuvi wote wako ziwani, apigie viti. Dansi na liwekwe mwezi unapokaribia kupevuka: mvuvi yuko nchi kavu, na fedha za siku za giza hazijamwisha mfukoni. Tena wimbo wa Kiswahili ukipendwa hapo hauna haja ya mkalimani Kigoma wala ng'ambo ya ziwa, Kongo.

Hata mpiga dramu, ambaye watazamaji humwona kwa nyuma tu, aweza kufika mbele. Jean-Pierre Nimbona, ajulikanaye kwa jina la Kidum, mzaliwa wa Bujumbura, alianza na dramu tangu utotoni. Vita vilimpeleka Kenya katika miaka ya 1990. Huko akawa mwimbaji na kiongozi wa bendi yake mwenyewe, Boda Boda.

Kuna na suala la karatasi, ambalo wanamuziki wengi hulidharau. Burundi ina sheria ya haki za watunzi ya tarehe 30 Desemba 2005, na ofisi yake, OBDA. Hata hivyo, watu watatu wakitunga wimbo kwa urafiki bila kuandika chochote, siku wimbo unapoingiza fedha urafiki hugeuka kesi. Ndugu zetu polisi hawahitaji kuelezwa. Tarehe, majina, mgawo wa kila mmoja, saini: mtu aliyezoea kujaza kitabu cha matukio ataandika hayo kwa dakika tano.

Nacho kiinua mgongo kisiishie katika spika kwa siku moja. Spika hukodishwa kwa usiku mmoja, na zikodiwe hivyo hivyo mpaka ijulikane kama wavuvi wa Nyanza-Lac watarudi kwenye dansi la pili.