Kikaragosi cha nyuzi si uganga wala si mzaha

Ndugu zangu wa Pwani wakinitembelea hapa Mwiki, Ruiru, macho huenda ukutani. Pananing'inia kikaragosi cha mbao kilichochongwa kwa mkono, kimevishwa kanzu na kofia. "Mwenzetu, hiki cha nini?" Wengine washuku uganga. Basi nieleze.

Siri yake ni uzito. Viungo vya shingo, viwiko na magoti hufungwa vilegee. Miguuni hutiwa risasi, mfano wa chubwi kwenye mshipi wa mvuvi. Kikiwa chepesi kitaelea badala ya kutembea. Kwa kawaida nyuzi ni tisa: mbili za kichwa, mbili za mabega, mbili za mikono, mbili za magoti na moja ya mgongo. Zote hukutana kwenye ubao anaoushika mchezaji juu. Akiushusha upande wa mbele huku uzi wa mgongo umekaza, kikaragosi huinama kama mtoto anayeamkia wazee.

Adui yake ni upepo, kwani nyuzi husokotana. Kwa hivyo uwanjani au sokoni ni rahisi kutumia kikaragosi cha kuvaliwa mkononi.

Jina lenyewe limesafiri. Latokana na Karagöz, mchezo wa vivuli wa Waturuki uliojulikana pia kwa Waarabu. Sisi tumeligeuza tusi: kumwita mtu kikaragosi ni kusema hana akili yake, avutwa na wengine.

Lakini hapa Kenya vikaragosi vimesema yaliyotushinda sisi. Miaka ya 1990 kundi la CHAPS lilivitumia kufundisha habari za Ukimwi, wakati ambapo wazazi wengi waliona haya kuyataja mambo hayo mbele ya watoto. Mwaka 2009 kipindi cha XYZ, kilichobuniwa na mchoraji katuni Gado, kikaleta vikaragosi vya mpira vya wanasiasa kwenye televisheni, na wakubwa wakachekwa hadharani.

Leo mihadarati yawamaliza vijana wetu, na majumbani twanyamaza kwa kuona aibu. Wachongaji tunao, mafundi cherehani tunao, na watu wa maneno ndio usiseme. Wakikutanishwa, kikaragosi chaweza kuanzisha mazungumzo ambayo baba na mwana wameshindwa kuyaanza. Mbao haina haya.