Ndimi za Reli: Jinsi Gari la Moshi Linavyopotea Njia

Wasomaji wetu wengi wamepata kupanda gari la moshi, au kuliona likipita. Lakini ni wachache waliojiuliza jinsi linavyojua njia ya kushika pale reli zinapogawanyika. Motokaa huongozwa na dereva wake kwa usukani. Dereva wa gari la moshi hana usukani. Aweza kuliongeza mwendo na kulizuia, lakini kuligeuza kuume au kushoto hawezi. Njia yake huchaguliwa na yule aliyezigusa reli mara ya mwisho, ambaye pengine amekwisha kwenda zake kulala.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Mahali njia mbili zinapoachana pana vyuma viwili virefu, vimechongoka kama ndimi, navyo vimeunganishwa ili vyende pamoja. Ulimi mmoja hugusa reli iliyo kando yake; wa pili huachana kidogo na reli yake. Kila gurudumu lina ukingo upande wa ndani, na ukingo huo hufuata ulimi uliogusa. Mtu akivuta mkono wa chuma ulio kando ya njia, ndimi zote mbili husogea, na njia hubadilika.

Ndimi zikisimama katikati, magurudumu huweza kuacha reli. Lakini zikigusa vema upande usiostahili, hapana kishindo wala dalili yo yote: gari huingia salama katika njia isiyo yake. Kosa hili ni baya zaidi, kwa kuwa hujificha.

Mfano wake ni habari ya mji mdogo wa Graniteville, katika jimbo la South Carolina, nchi ya Marekani. Jioni ya tarehe 5 Januari, 2005, wafanyakazi wa gari fupi la mizigo waliliingiza katika njia ya pembeni, iendayo kiwandani, wakaliacha huko. Walipoondoka, hawakuzirudisha ndimi katika njia kuu. Sehemu ile ya reli haikuwa na taa za ishara za kumwonya dereva ajaye.

Usiku ule, yapata saa nane na dakika 39, likaja gari jingine la mizigo lenye mabehewa 42, likienda mwendo wa maili 47 kwa saa. Gari zito namna hiyo haliwezi kusimama mara moja. Huweza kuhitaji nusu maili au zaidi. Basi likageukia pembeni, likaligonga lile lililokuwa limesimama. Baadhi ya mabehewa yalikuwa matangi ya klorini, dawa itumiwayo kusafisha maji na kung'arisha nguo. Tangi moja likapasuka. Hewa ya klorini ni nzito kuliko hewa tuivutayo, kwa hiyo hutambaa chini na kujaa mabondeni. Watu 9 walikufa, naye dereva akiwa mmoja wao, na watu wapata 5,400 walihamishwa nyumbani mwao.

Waliochunguza ajali ile walisema kwamba chanzo ni kutorudisha ndimi, na ya kuwa hapakuwa na kitu cho chote cha kuwakumbusha wale wafanyakazi. Kwa hiyo mwaka ule ule Serikali ya Marekani iliamuru kwamba, katika njia kuu zisizo na taa za ishara, kila ageuzaye ndimi kwa mkono aandike katika karatasi saa aliyozigeuza na saa aliyozirudisha, na kumwarifu msimamizi wa safari. Hawakutegemea tena kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Walitaka neno liandikwe, na mtu wa pili alijue.

Afunguaye zizi usiku asipolifunga, hatalia yeye peke yake asubuhi. Nasi tukaao karibu na reli tuna sehemu yetu. Walimu wawaonye watoto wasichezee mikono ya chuma iliyo kando ya njia, wala wasitie mawe kati ya ndimi, maana jiwe dogo laweza kuzuia ulimi usiguse reli. Na wakuu wa vijiji, wakiona mtu asiye wa kazi akizigusa, wasingoje kesho, bali wapeleke habari upesi katika stesheni iliyo karibu, kabla gari la pili halijafika.