Faili yako itafunguka 2050? Jifunze kwa waliotumia PageMaker

Umebuni kadi ya mwaliko kwa simu saa tano usiku. Umeituma kwa WhatsApp kwa jamaa wa kuchapisha kule River Road, na kesho yake mchana umeenda kuchukua nakala 200. Hukumuuliza printa yake inaelewa lugha gani. Hukumuuliza tarakilishi yake ina kumbukumbu kiasi gani. Mlichobishania ni bei tu.

Ungekuwa unafanya kazi hiyo 1986, hayo maswali mawili ndiyo ungeanza nayo.

Mimi pia nilidhani mambo haya ni ya wazee hadi yaliponipata. Mjomba wangu, ambaye sasa ni marehemu, aliandika kijitabu cha historia ya ukoo wao kwa lugha ya Gĩkũyũ, kurasa 64. Fundi mmoja jijini Nairobi alimpangia kurasa hizo 1998. Mwaka jana familia ikaamua kukichapisha tena ili kila mjukuu apate nakala. Binamu yangu akaleta mkebe wa biskuti uliokuwa na flopi mbili. Ya kwanza ilikataa kusomeka kabisa. Ya pili ilikuwa na faili moja ambayo jina lake liliishia na .P65. Nikabofya. Laptopu ikaniambia nichague programu ya kuifungulia. Sikuwa nayo.

Ili uelewe kwa nini nilikwama, inabidi turudi hadi 1985.

Vitu vitatu vilivyohitajiana

Kabla ya mwaka huo, kupanga kurasa za gazeti au kitabu ilikuwa kazi ya mitambo ghali, mikasi na gundi. Mabadiliko yalianzia Marekani, na yalihitaji vitu vitatu vikutane.

Cha kwanza ni tarakilishi ya Macintosh ya kampuni ya Apple, iliyotoka Januari 1984 kwa dola 2,495. Skrini yake ilikuwa ndogo, inchi 9, nyeusi na nyeupe, lakini ilikuonyesha ukurasa ukiwa karibu na vile utakavyotoka kwenye karatasi. Cha pili ni printa ya leza ya Apple LaserWriter ya 1985, iliyouzwa dola 6,995. Cha tatu ni programu ya PageMaker, iliyotolewa mwaka uo huo na Aldus, kampuni ya Paul Brainerd kule Seattle. Jina Aldus lilitoka kwa Aldus Manutius, mchapishaji mashuhuri wa Venice wa zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Sasa angalia mtego ulipokuwa. Macintosh ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. PageMaker ilitaka 512. Kwa hivyo aliyenunua Mac mapema, akajipiga kifua mtaani kwamba yuko mbele ya wengine, alijikuta nje ya mchezo mwaka mmoja tu baadaye.

Halafu kuna hili la kuchekesha: printa ilikuwa na akili kuliko tarakilishi iliyoiamrisha. LaserWriter ilikuwa na kichakato cha aina moja na cha Macintosh, ila chake kilikimbia megahezi 12 dhidi ya 8 za Mac, na kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 1.5, mara tatu ya ile ya Mac ya kilobaiti 512. Ndiyo maana iligharimu pesa nyingi hivyo. Afueni ni kwamba Mac kadhaa ofisini ziliweza kuunganishwa kwa waya na kuitumia printa moja.

Printa na lugha zake

Mbona printa ihitaji akili yote hiyo? Ebu tupige hesabu. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa kila inchi una nukta takriban milioni 8.7. Kila nukta ikichukua biti moja, unahitaji kama megabaiti moja kuushika ukurasa mzima. Printa ya kwanza ya HP LaserJet, ya 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu. Maandishi ya kawaida ilitoa vizuri, kwa sababu umbo la herufi lilihifadhiwa mara moja na kurudiwa. Lakini ukiipa picha ya kujaza ukurasa kwa nukta 300, haikuwa na mahali pa kuiweka.

Tofauti nyingine ilikuwa lugha. LaserJet ilizungumza PCL. LaserWriter ilizungumza PostScript, lugha iliyoundwa na Adobe, kampuni iliyoanzishwa 1982 na John Warnock na Charles Geschke. PostScript haikusema "weka nukta hapa na pale". Ilisema: chora herufi hii, ukubwa huu, mahali hapa. Kuzigeuza amri hizo kuwa nukta ilikuwa kazi ya printa yenyewe.

Faida yake ilikuwa kubwa. Faili moja uliyoijaribu kwenye LaserWriter kwa nukta 300 ungeipeleka kwenye mtambo wa Linotronic, ikatoka kwa nukta 1,270 au 2,540 kwa inchi, tayari kwa kiwanda cha uchapishaji. Hukuhitaji kupanga upya. Lakini ukiipeleka faili ya PostScript kwa printa isiyoijua lugha hiyo, ilikuchapishia zile amri zenyewe, kurasa na kurasa za maneno ya ajabu. Karatasi zimeisha na kazi bado.

Upande wa PC: kila mtu na lake

Wenye PC walikuwa na shida yao. Mfumo wa DOS uliziachia programu kilobaiti 640 tu, na haukuwa na madirisha wala kipanya cha kuelekeza. Kila programu ya kupanga kurasa ilibidi ije na mazingira yake.

Ventura Publisher, iliyotoka 1986 na kusambazwa na Xerox, ilitumia mazingira ya GEM ya kampuni ya Digital Research. PageMaker ya PC ilipofika 1987, ilitegemea Windows. Wakati huo watu wengi hawakuwa na Windows, kwa hivyo Aldus ilifungasha Windows iliyopunguzwa ndani ya boksi la PageMaker, ya kuendeshea programu hiyo moja tu. Pia ilitaka mashine yenye nguvu zaidi, yenye kichakato cha 286, ilhali Ventura iliweza kuendeshwa kwenye PC za daraja la chini.

Hata kioo kilikuwa na masharti. Kadi ya Hercules ilitoa nukta 720 kwa 348 bila rangi. EGA ilitoa 640 kwa 350 zenye rangi. CGA ilitoa 640 kwa 200, na hapo kusoma maandishi madogo ilikuwa noma. Ungechagua kadi isiyo yako wakati wa kusakinisha programu, ungepata skrini isiyoeleweka.

Na utendaji ulitofautiana. PageMaker ilinakili maandishi yako na kuyaweka ndani ya faili yake. Ventura iliyaacha pale pale, ndani ya faili ya WordStar au WordPerfect uliyoandikia, kisha ikaweka alama zake humo. Faili ya sura iliorodhesha tu mahali maandishi na picha vilipo. Ukinakili faili hiyo pekee kwenye diski ukampelekea mwenzako, umempelekea orodha ya vitu ambavyo viko nyumbani kwako.

Hiyo ni kama diski yenyewe ingesomeka. Diski za kwanza za Mac, za kilobaiti 400, ziliandikwa kwa namna ambayo viendeshi vya kawaida vya PC havikuweza kuisoma. Apple ilileta kiendeshi cha kusoma diski za inchi 3.5 za pande zote mbili 1988.

Fonti, kidonda ambacho hakijapona

Ikiwa umewahi kutuma kazi ukiwa na fonti poa, ikarudi na fonti nyingine na mistari imeruka, pole. Wewe si wa kwanza.

Fonti za PostScript za Type 1 zilikuwa na vipande viwili: kimoja cha skrini na kimoja cha printa. LaserWriter ya kwanza ilikuja na familia nne ndani yake: Times, Helvetica, Courier na Symbol. Ukitumia fonti nyingine na ukasahau kupeleka kipande cha printa, mara nyingi ulipokea kazi nzima kwa Courier, ile inayofanana na taipureta. Kisha 1991 Apple ikaleta TrueType, na 1992 ikaingia Windows 3.1. Sasa fonti mbili zingeitwa Times lakini upana wa herufi utofautiane kidogo. Upana ukibadilika, mistari hukatika pengine, na ukurasa wa 10 humwagikia wa 11.

Hata Type 1 yenyewe imezikwa. Adobe iliacha kuzitambua ndani ya programu zake Januari 2023.

Hapa ndipo kijitabu cha mjomba kilipoumia zaidi.

"Cũcũ" aliyebadilika jina

Nilipata msaada mahali nisipotarajia. LibreOffice, programu ya bure, inaweza kufungua baadhi ya faili za PageMaker tangu toleo lake la 4.4 la 2015. Nikaifungua faili kwa LibreOffice Draw. Maandishi yakatokea! Nikampigia binamu yangu simu. Ikawa tumesherehekea mapema.

Kila "cũcũ" alikuwa "cûcû". Kila "mũtĩ" ulikuwa "mûtî". Majina ya mababu kumi na kitu, yote yamevaa kofia zisizo zao.

Sababu ni hii. Fonti za zama hizo zilikuwa na nafasi zisizozidi 256, na seti ya kawaida ya Windows haikuwa na ĩ wala ũ. Ilikuwa na î na û za Kifaransa. Aliyetaka Gĩkũyũ au Kikamba sahihi alitafuta fonti iliyorekebishwa: umbo la ũ limepachikwa kwenye nafasi ya û. Kwenye karatasi ilionekana sawa. Ndani ya faili ilibaki û, na fonti ile haikuwa kwenye flopi. Leo mfumo wa Unicode umezipa ĩ na ũ nafasi zao wenyewe, na simu yako inaziandika bila shida. Faili ya 1998 haikujua hilo.

Kwa bahati, kosa lilikuwa la aina moja kotekote, kwa hivyo kutafuta na kubadilisha kulitosha. Picha ndizo zilizotushinda. PageMaker ilikuruhusu kuziacha picha kubwa nje ya faili na kuweka kiungo tu. Fundi alifanya hivyo, na inawezekana picha zenyewe zilikuwa kwenye ile flopi iliyokufa. Mahali pa picha ya nyanya akiwa msichana palikuwa na boksi tupu.

Kilichotuokoa ni nakala moja ya karatasi iliyokuwa kwa shangazi, imekunjwa pembe na ina doa la chai. Tuliipiga skani. Picha ya nyanya ina vitone vya uchapishaji, lakini uso unaonekana. Ndiyo pekee tuliyo nayo.

Wewe ufanye nini?

Usicheke wazee wa flopi. Kazi yako ya leo pia imefungiwa ndani ya programu, akaunti na fonti za mtu mwingine. PageMaker iliwahi kuwa jina kubwa. Adobe iliinunua Aldus 1994, ikaleta InDesign 1999, na toleo la mwisho la PageMaker, la 7, lilitoka 2001. Programu ikizikwa, faili zako hubaki zikipiga hodi.

Kwa kila kazi unayoithamini, weka vitu vinne. Kwanza, PDF iliyobeba fonti ndani yake. Kukiwa na chaguo la PDF/A, lichague, maana liliwekwa 2005 kama kiwango cha kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu. Pili, maandishi matupu kando, bila mapambo. Tatu, picha halisi kwenye folda moja na kazi, zenye majina yanayoeleweka. "IMG_0047" haitamsaidia mtu yeyote. Nne, nakala kwenye sehemu mbili tofauti, na si zote mbili kwenye simu moja.

Kisha chapisha moja kwa karatasi, umpe mtu wa familia anayetunza vitu. Kwetu ni shangazi. Kijitabu kipya kilipotoka, nakala ya kwanza ilikwenda kwake, na ile ya zamani yenye doa la chai amekataa kuitoa.