Bafu Dogo Lianze na Sakafu

Nyumba nyingi za Singida Mjini zina bafu dogo, pengine futi nne kwa sita, na humo humo ndimo choo, ndoo, beseni, na mtoto anayelia kwa sabuni machoni. Mwenye nyumba akipata fedha kidogo, wazo lake la kwanza ni vigae vinavyong'aa. Twamwomba angoje. Vigae vya namna ile vikilowa huteleza kama kambare, na bibi kizee akianguka bafuni akavunjika nyonga, huenda asitembee tena sawasawa. Fedha za kwanza ni za sakafu.

Jaribu bafu lako leo. Mwaga ndoo moja ya maji, nenda zako, rudi baada ya robo saa. Ukikuta dimbwi, basi sakafu haina mteremko, na ukiipamba utakuwa na dimbwi lililopambwa. Kila mita moja ishuke sentimita mbili kuelekea tundu la maji. Bafu la mita mbili, sentimita nne. Fundi apime kwa pimamaji, asipime kwa jicho. Sakafu ya zamani ikiwa nzima, hapana haja ya kuivunja yote: ichongwe kwa tindo ipate kukwaruza, isafishwe, iloweshwe, ndipo ipakwe saruji mpya, sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga. Pale sakafu inapokutana na ukuta pafanywe mviringo, uchafu usipate pembe ya kujificha. Mchanga nao uuangalie. Maziwa yetu, Singidani na Kindai, hupendeza macho, lakini maji yake ni ya chumvi, na mchanga wenye chumvi hula nondo na kutoa unga mweupe ukutani. Vigae ukivitaka baadaye, chagua vidogo vyenye uso wa kukwaruza. Vidogo hufuata mteremko vizuri kuliko vikubwa.

Sasa maji. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwisha kama mwezi wa Aprili au Mei, na hata maji ya bomba hapa mjini hutoka visimani. Haya, tufanye hesabu. Choo cha kukaa chenye tangi la lita 9, watu sita nyumbani, kila mmoja akivuta mara nne kwa siku: lita 216, yaani pipa zima na zaidi. Choo cha kuchuchumaa cha kumwagia kwa kopo hutosheka na lita mbili au tatu; hata kwa tatu, ni lita 72 tu. Wako wanaokiona choo hicho ni cha kishamba. Sisi twaona mtu anayechota maji kwa kichwa ndiye aulizwe. Ila wazee wenye magoti mabovu wana haki ya kiti, na kwao ununue tangi lenye vitufe viwili, cha lita tatu na cha lita sita.

Maji ya kuogea yapite bomba lake peke yake mpaka kwenye migomba au mpapai. Mboga zinazoliwa mbichi zisinyweshwe maji hayo. Na chini ya tundu la sakafu pawe na bomba lililopindwa kama shingo ya bata. Maji kidogo yanayobaki katika pindo lile ndiyo yanayozuia harufu na mende wasipande.

Upepo wa Singida twaujua sote, hasa Juni na Julai, asubuhi. Usizibe matundu kwa sababu ya baridi, maana bafu lisilopumua huota ukungu. Yaweke juu, karibu na dari, upepo upite juu ya kichwa cha anayeoga. Wenye choo cha shimo upepo huo ni mali yao. Mwaka 1973, mwaka ule ule wa kampeni ya Mtu ni Afya hapa Tanzania, Peter Morgan alibuni huko nchi iitwayo sasa Zimbabwe choo chenye bomba refu la hewa. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Inzi hufuata mwanga bombani, wakanaswa na wavu uliofungwa juu. Kibanda chenyewe kiwe na giza kidogo, vinginevyo inzi hutoka mlangoni.

Mlango wa bafu dogo ufunguke kwa nje. Nafasi huongezeka, lakini si hilo tu: mtu akianguka ndani, mwili wake huziba mlango wa kufunguka ndani, na walio nje hawawezi kumfikia. Karibu na choo funga bomba la chuma ukutani, limfae mama mkwe kujishikia. Lifungwe kwa skrubu ndefu zilizoshika tofali, wala si lipu peke yake.

Wakati wa kazi, chunga upepo tena. Hukausha saruji upesi mno, nayo hupasuka. Ifunike kwa magunia yaliyolowa, uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Siku hizo jamaa waoge uani nyuma ya turubai, au waombe kwa jirani.