Bomba la Joto la Igurwa ni Waya wa Umeme

Nchini Denmark, karibu nyumba mbili katika kila tatu hupata joto kwa bomba. Maji ya moto hutoka kwenye mtambo wa mji, hupita chini ya barabara, huingia nyumbani, huacha joto lake na kurudi yakapashwe upya. Sehemu kubwa ya joto hilo ni mabaki: mtambo unaochoma taka au mabua ili kuzalisha umeme ungelitupa tu hewani. Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, serikali ikatunga sheria mwaka 1979 na kuzitaka halmashauri zipange joto kama zinavyopanga barabara: nani analihitaji, kiasi gani, na wapi linapotea. Mabomba yakalazwa kwa kufuata mipango hiyo.

Huku Igurwa, wilayani Karagwe, hatuhitaji kupashiwa vyumba. Usiku una baridi, lakini blanketi linatosha. Joto tunalolihitaji liko jikoni, chini ya chungu cha ndizi na sufuria ya maharage, na nyumba nyingi bado hulipata kwenye mafiga matatu. Kulifikisha kwa bomba hakuwezekani kiuchumi. Bomba hulipa pale nyumba zinapobanana, na huku kila nyumba imejitenga katikati ya kibanja chake, yaani shamba lake la migomba. Ndiyo sababu gesi asilia ya bomba imeanzia Mtwara, Lindi na Dar es Salaam, kwenye gesi yenyewe na kwenye mitaa iliyosongamana.

Hata joto la mabaki hatuna. Mtambo wa jirani, ule wa Kikagati na Murongo wenye megawati 14 kwenye mto Kagera, mpakani mwa wilaya ya Kyerwa na Uganda, unaendeshwa na maji. Mtambo wa maji hauna moto wa kupoteza. Unachoweza kutuletea ni umeme, kwa hiyo mtandao wetu wa joto ni waya.

Waya huo serikali imeugharamia sana. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umesimamisha nguzo hadi vijiji ambavyo hakuna kampuni ingevifikia kwa kutafuta faida, na mwananchi wa kijijini huunganishiwa kwa shilingi 27,000. Ni kazi kubwa na nasimama upande wake. Lakini ruzuku hiyo imepangwa kwa ajili ya taa. Moto wa kupikia una hesabu nyingine.

Tuanze na bei. Kwa viwango vya mwaka 2016 vya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, mtumiaji mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mama anayepika kwa jiko la koili la kilowati 1.5 kwa saa tatu kila siku hutumia uniti 4.5, yaani 135 kwa mwezi, bila kuhesabu taa. Gharama yake ni shilingi 28,500. Akitumia jiko la presha la umeme, maharage yanaiva bila kumaliza uniti moja. Tuseme mapishi yake yote yanakula uniti moja na nusu kwa siku: ni uniti 45, shilingi 4,500, na bado anabaki ndani ya bei nafuu. Tofauti hiyo yote imeletwa na aina ya sufuria. Kwa maoni yangu, shilingi ya ruzuku inayowekwa kwenye jiko la presha ina thamani kubwa kuliko inayowekwa kwenye uniti.

Kisha transfoma. Chukua ya kVA 50. Nyumba 40 zikiwasha majiko ya kilowati moja kwa pamoja saa moja jioni, zimefika kilowati 40 kabla ya taa, redio na mashine ya kusaga. Aliye mwisho wa laini, nguzo nyingi kutoka kwenye transfoma, umeme unamfikia ukiwa mdogo na chakula hakiivi. Huyo atarudi kwenye kuni, na atakuwa na haki. Kupanua mtandao wa joto huku maana yake ni transfoma zaidi na nyaya nene zaidi, si nguzo za kufika mbali tu.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Serikali pia imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Hapo Karagwe na Kyerwa zina pa kuanzia, kwa sababu shule za bweni na hospitali ndizo sehemu chache ambako joto linahitajika kwa wingi mahali pamoja. Jiko moja la shule linastahili transfoma yake, na pembeni yake mtambo wa gesi ya samadi. Shirika la MAVUNO la Karagwe limeshiriki kujaribu gesi inayotokana na migomba, mali ghafi ambayo kila kibanja kinayo.

Ningeziomba halmashauri zote mbili zifanye kile Denmark ilichofanya kabla ya kulaza mabomba. Kabla ya bajeti ijayo, kila kijiji kiandikiwe majiko yake ya taasisi, kuni zinazoingia kwa mwezi, ukubwa wa transfoma iliyo karibu, na nyumba zinazopata umeme hafifu jioni. Maofisa watendaji wa vijiji na mafundi wa shirika la umeme, TANESCO, wanaweza kuikusanya taarifa hiyo, na REA ikapewa orodha yenye majina ya majiko badala ya orodha ya vijiji peke yake.