Kocha wa Chuo Akiandika

Mbio humfikisha kijana chuoni. Suleiman Nyambui wetu alisoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, Marekani. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow.

Siku hizi kocha wa chuo huandika kwa simu. Huuliza muda wa mbio na matokeo ya shule. Basi kila shindano andikeni muda, tarehe na mahali; daftari moja latosha. Vyeti tuvitunze, mchwa wa hapa Kilimatinde tunawajua!

Ajibu kijana mwenyewe, ila wazazi tusome kwanza. Tuulize: chuo kitalipa ada tu, au na chakula na malazi? Miaka mingapi? Akiumia mguu je?

Akidai fedha za kumpa nafasi, huyo si kocha. Msiuze ng'ombe.